Karela ya Mama Nasrin

Shangazi, shikamoo. Huku Johannesburg baridi inauma hadi meno, ila tumbo langu halina shida.

Jumapili jirani yangu hapa Mayfair, Mama Nasrin wa Bangladesh, alinialika chakula cha mchana. Akanipakulia wali na karela ya kukaanga, ile mboga chungu kama tango lenye mabaka, basi. Nikadhani ndiyo mlo wenyewe. Wewe ulinifunza kwamba mgeni habakishi, kwa hiyo nikaila yote na uchungu wake, huku natabasamu. Akafurahi, akaniongeza. Nikamaliza tena.

Kumbe kwao kitu kichungu huliwa kidogo tu mwanzoni, kufungua tumbo. Chakula chenyewe kikaja baadaye: dengu, samaki wa mchuzi wa haradali, kuku, mtindi mtamu. Mimi hata pumzi haikuwa na pa kupita. Yule samaki, Shangazi, niliishia kumnusa.

Nilipoaga akanipa bakuli lililofunikwa. Nikalibeba kwa mikono miwili hadi chumbani, nikijua samaki wangu huyo. Nikafunua: karela, imejaa pomoni.

Ndiyo ninayokula huku nikikuandikia. Nimekukumbuka mno. Uwe na afya, na ujue malezi yako hayakupotea bure: sibakishi.

Mwanao, Zuhura