Meno ya Mwanaidi na Kichwa Chake

Temeke, Jumapili. Mvua tangu alfajiri, sasa imebaki manyunyu.

...na bado nasema yasing'olewe. Nilisema hivyo jana, nikarudia leo asubuhi tulipokuwa tunakinga maji ya bati kwa ndoo, na sasa naandika ili nione kama maneno yangu yana uzito wowote yakikaa kwenye karatasi. Meno manne ya chini, ya mbele, ya mke wangu. Daktari wa meno wa mjini anasema ufizi umeoza kwenye mashina yake, na usaha wa hapo ndio unaompandisha kichwa. Yaking'olewa, kichwa kitatulia. Ametupangia mwanzo wa mwezi ujao.

Mke wangu! Hata kuandika neno hili kunanichekesha peke yangu. Kila jioni natoka kwenye ukarani wangu wa stesheni ya reli, nadandia baiskeli yangu na kuikimbiza kama mtu anayefukuzwa. Jirani yetu Mzee Sefu hunipigia kelele kutoka barazani kwake, "Taratibu, bwana harusi! Nyumba haihami!" Mimi nampungia mkono na kuzidi kukanyaga pedali. Nikifika, Mwanaidi yuko mlangoni, amejitanda kanga, ananukia karafuu, na uchovu wote wa mchana unanitoka.

Tangu siku za fungate aliziba mdomo kwa ncha ya kanga kila alipocheka. Nikadhani ni haya za bibi harusi wa Kimrima, wa pwani hii. Mimi mtu wa bara, wa Kilosa, nilikuwa nimezisikia tu sifa za haya hizo, na sasa zilikuwa zangu, ndani ya chumba changu! Nilijigamba hata kwa wenzangu kazini. Nilipomwinamia, alinipa shavu. Hilo nalo nikaliita haya.

Hazikuwa haya.

Asubuhi moja nilimkuta uani anasukutua, na maji aliyotema yalikuwa mekundu. Alishtuka kama mwizi. Baadaye, kwa taabu, akanieleza. Ufizi unamtoka damu tangu alipokuwa mwari. Somo yake, yule mama aliyemfunda kabla ya ndoa, alimwambia atafune karafuu ili kinywa kinukie, na ajihadhari nisijue. Mpenzi wangu alikuwa ananiogopa mimi, na mimi nilikuwa nautungia woga wake mashairi moyoni.

Kichwa hakufaulu kukificha. Kipandauso chake huanza kwa vimulimuli jichoni, kisha upande mmoja wa kichwa unampwita hadi anatapika. Hataki mwanga, hataki sauti. Jirani akikaanga maandazi, harufu tu inammaliza. Siku hizo mimi hutundika blanketi dirishani na kukaa sakafuni karibu na kitanda, na sijapata kujua kama kukaa kwangu kunamsaidia yeye au kunanisaidia mimi.

Ni kweli kwamba mambo haya mawili hufuatana. Ufizi ukivimba, kichwa hakiko mbali. Daktari ameliona hilo, na mimi nimeliona. Lakini nimeona na jambo jingine, labda kwa sababu nalala naye chumba kimoja na daktari halali humo. Kichwa kikimpanda, Mwanaidi hawezi hata kushika mswaki. Mkono ukitikisika, kichwa kinapasuka. Anakaa hivyo siku mbili, hali, hasafishi kinywa, na ufizi unavimba zaidi. Sasa ni kipi kinachomvuta mwenzake?

Nilimuuliza daktari kwa Kiingereza changu cha shule, nimesimama wima chini ya picha ya Malkia. Alinisikiliza kwa adabu. Akasema amewang'oa meno wengi wenye taabu kama hii na baadhi yao walipona kabisa. Nikamuuliza habari za wale wengine. Alikuwa ameshageuka kunawa mikono.

Acha nikiri. Napenda tabasamu lake mno. Nikisema yasing'olewe, sina hakika kama namtetea yeye au naitetea starehe ya macho yangu. Leo amenishika hapo hapo.

"Wewe unalilia meno, mie nalilia kichwa," aliniambia, ndoo mkononi. "Tubadilishane. Chukua kichwa hiki siku moja tu, karani wangu, kisha uniambie utang'oa nini."

Nikasogeza ndoo nyingine chini ya bati.

"Na nikiwa kibogoyo, utanikimbia?" akauliza.

"Nitakutafunia nyama."

"Muongo mkubwa! Hata muhogo wewe huujui kuuchemsha."

Akacheka, na kanga ikabaki begani. Ee Mungu, alicheka hadi ndoo ikamwagika, nami nikasimama katika maji yale kama mjinga mwenye bahati kuliko wajinga wote wa Temeke.

Tangu tutoke kwa daktari tunajaribu njia yetu. Anasukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi asubuhi na jioni. Mswaki wa kijiti anautafuna mpaka uwe laini, kisha anasugua polepole penye ufizi, nami nimemshikia kioo. Siku kichwa kinapompanda, namsafisha mwenyewe kwa kitambaa kilicholowa, nikiwa na hofu kama ninayefuta yai. Damu imekuwa ikipungua. Alhamisi haikutoka hata tone. Nilifurahi nikanunua halua, nikaitembeza nyumba nzima kama tumepata mtoto.

Ijumaa kichwa kikaja.

Nilivunjika moyo kuliko yeye. Jana kilipompungua nilimuuliza mara mbili, mara tatu, je, hakikuwa chepesi kidogo kuliko cha mwanzo?

"Sijui," akasema. "Usinilazimishe niseme kimepungua kwa sababu unanipenda."

Maneno hayo sijaacha kuyafikiria. Upendo unaweza kumtaka mgonjwa apone ili sisi tufurahi.

Leo mchana, alipokuwa anaikaza leso kichwani, mikono yake ikasimama ghafla. Akasema mama yake alikuwa akijifunga hivyo hivyo. Mama anaishi Chanika, kwenye shamba lao la minazi na mihogo. Kumbe naye alikuwa na kipandauso! Na naye, anasema Mwanaidi, ufizi ulimla mpaka meno yote ya mbele yakatoka, wakati huo Mwanaidi akiwa bado mtoto mdogo.

"Na kichwa?" nikauliza. "Meno yalipotoka, kichwa kilitulia?"

Alifumba macho akijaribu kukumbuka. Anamwona mama yake amelala gizani, leso kichwani. Anamwona pia akicheka bila meno. Lakini lipi lilitangulia, hajui. Alikuwa mdogo mno.

Tukatazamana. Tulikuwa tumemwuliza daktari, tumewauliza majirani, na mtu mwenye ufizi ule ule na kichwa kile kile hatukuwa tumemwuliza. Najua jibu la mtu mmoja si jibu la watu wote. Lakini huyu si mtu yeyote tu. Ndiye aliyemzaa.

Tatizo ni nani atauliza. Mimi ni mkwe! Mbele ya mama mkwe nainamisha macho, naulizwa hali, najibu njema, basi. Nitaanzaje kumuuliza mambo ya kinywani mwake? Nilimwomba Mwanaidi aulize yeye, mimi nikae nje na baba yake. Akakataa.

"Mie nikiuliza ataniambia usijali mwanangu, nimepona zamani. Ndivyo anavyotujibu sisi watoto wake siku zote. Wewe hawezi kukudanganya, atakuonea haya."

Ana akili mke wangu. Basi nitauliza mimi. Akisema kichwa kilitulia, nitampeleka Mwanaidi mjini mwenyewe na kumshika mkono mpaka jino la nne litoke, na sitasema neno juu ya tabasamu. Akisema hakikutulia, tutamwambia daktari asante, tutaendelea na chumvi yetu, na kichwa tutakitafutia njia nyingine.

Njia ya huko ni matope matupu wiki hii. Ikikauka kidogo tutapanda basi la Pugu, na kutoka hapo tutakwenda kwa miguu. Mama, utatuona mlangoni kwako kabla mwezi mwingine haujaandama. Nitakuamkia kwanza, nitapokea maji ya kunywa, kisha, unisamehe, nitainua macho nikuulize.