Jina Lako Kwenye Barua ya Mzee Masanja

Mbuchi,
Jumapili ya kwanza ya Julai

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama na wadogo zangu ni wazima. Nimeamua kukueleza kila kitu, hata yale ambayo mtoto huyanyamazia mbele ya baba yake. Huko dago, kwenye kambi yenu ya uvuvi, simu haishiki, na boti inayowaletea barafu inaondoka kesho maji yakijaa. Nahodha ameahidi kukukabidhi barua hii mkononi.

Unakumbuka Mzee Masanja alipofika kutoka Shinyanga na mkewe na Kabula? Nilikuwa darasa la tano. Walikaa kwetu mwezi mzima. Hapa kijijini mgeni hapewi shamba mpaka mwenyeji aandike barua ya kumtambulisha, nawe ukanipa kalamu mimi kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Ulinitamkia polepole: "Mimi ni mwenyeji wao. Wakikosea, niulizwe mimi." Sentensi ya pili uliirudia, nikadhani unaniogopea makosa ya tahajia. Kisha ukatia sahihi.

Yeye ndiye aliyekuonyesha kuzungushia shamba matuta ili maji yakae, yale majaruba uliyoyacheka mwanzoni.

"Masanja, huko kwenu maji mnayaona kwenye kikombe tu," ulimwambia.

"Ndiyo maana tunajua kuyatunza, mtani wangu. Nyinyi mnayatazama yakienda zake baharini, mnayapungia mkono."

Mlicheka mpaka Mama akatoka jikoni kuangalia kuna nini. Mwaka ule ghala halikutosha. Mpunga mwingine uliuweka chumbani kwetu, tukawa tunalala tukiunusa.

Mimi na Kabula tuliamia ndege kwenye dungu moja, lile ulilotujengea juu ya nguzo za mikoko mpakani mwa shamba lako na lao. Tulipiga debe na kupaza sauti mpaka makoo yakakauka. Alinifundisha kutupa udongo kwa kombeo, nami nikamfundisha kula kaa bila kufumba macho. Ulipotuletea uji ulikuwa ukisema, "Wanangu wawili, leo mmewaachia ndege kiasi gani?" Wanangu wawili. Sijaongeza neno.

Mwezi uliopita ng'ombe waliingia shamba la Baba Mdogo wakala mpunga uliokuwa unaanza kukomaa. Nilimwonea huruma sana, maana shamba lile ndilo chakula chao cha mwaka. Lakini wewe unajua, na yeye anajua, kwamba Mzee Masanja hana ng'ombe hata mmoja. Wake aliwauza kabla ya kuja huku. Wale walikuwa wa wapita njia ambao hakuna aliyewatambua. Ikasemwa tu kwamba ni watu wa bara, na Masanja naye ni mtu wa bara, ikatosha.

Kwenye mkutano wa kijiji nilikuwa nyuma na Mama. Baba Mdogo alisimama akasema, "Watu wa kuja warudi walikotoka. Tuliwapa pa kukaa, sasa wanataka tule makapi." Wengi wakapiga makofi. Mwenyekiti akauliza, "Huyu Masanja mwenyeji wake nani?" Nikakutazama. Ulikuwa umeinama, unahangaika na viatu kana kwamba unafunga kamba. Akauliza tena, na bado unafunga. Ulikuwa umevaa ndala, Baba.

Mzee Masanja alisimama hatua chache kutoka ulipokaa. Angeweza kukunyooshea kidole. Alisema, "Mwenyeji wangu yupo, Mwenyekiti. Pengine leo amesafiri." Watu wakacheka. Wewe hukuinua kichwa. Masanja na familia yake wakapewa siku tatu wahame.

Na mimi nina langu. Siku walipoondoka, Kabula alikuja kurudisha daftari langu la Jiografia, nikajificha jikoni. Nilimsikia akimwambia Mama, "Mwambie namsalimia." Aibu hiyo ni yangu, sikubebeshi wewe.

Sasa wamepanga chumba Kibiti, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, na Mzee Masanja anabeba magunia ya pumba za watu. Kabula haendi shule. Dungu liko tupu, ndege wanakula pande zote mbili.

Mama anasema uliogopa kukosana na ndugu yako. Ninaelewa. Ila ulipoondoka kwenda dago bila kuniaga, nilikumbuka ulivyotusimulia ulipofika huko mara ya kwanza, kijana usiyejulikana. Wenye kambi walitaka kukurudisha. Mzee mmoja aliyekuwa anaanika samaki akawaambia, "Huyu ni wangu. Akikosea, niulizeni mimi." Kumbe maneno ya barua ile uliyatoa kwake. Hadithi hiyo nilikuwa naisimulia shuleni kwa kujivuna. Tangu mkutano ule, nikiianza nashindwa kuimaliza.

Juzi nilikwenda na Mama ofisi ya kijiji. Mwenyekiti alifungua jalada, barua ipo: mwandiko wangu wa darasa la tano, sahihi yako chini. Nilimwomba aisome. Aliisoma, akairudisha jaladani, akasema, "Binti, karatasi haisimami mkutanoni. Ijumaa baada ya sala, mwenye sahihi akija mwenyewe, nitamsikiliza na Masanja atarudi. Asipokuja, tunagawa majaruba." Wa kwanza kuyaomba ni Baba Mdogo.

Sijaacha kukuheshimu. Kama ningekuwa nimeacha, nisingeumia hivi, wala nisingekuandikia. Boti inarudi Alhamisi na kambamiti, na ina nafasi ya mtu mmoja, nimemuuliza nahodha. Nitakuwa pale inapotia nanga. Kama hutakuwa ndani yake, nitumie jibu kwa boti hiyohiyo, kwa mkono wako, hata kama ni neno moja: Ijumaa Mwenyekiti akiuliza tena mwenyeji wao nani, nimwambie nini?

Binti yako,
niliyeiandika barua ile