Ng'ombe Mwenye Alama Yetu

Kamsamba,
6 Juni 1999

Kaka yangu mpendwa Ngusa,

Pokea salamu zangu kutoka huku bondeni. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Tunduma, na kwamba kifua kilichokusumbua msibani kimepona. Mimi na watoto hatujambo. Ng'ombe nao wanaendelea, ila majani yameanza kukauka na tunawapeleka mbali kidogo.

Tangu tumzike mama nyumba imepoa. Asubuhi bado nadhani nitamsikia akifungua zizi, akiwaita ndama kwa majina ya mawifi zake. Unakumbuka siku ng'ombe walipochanganyika na wa watu kisimani? Baba alihangaika kutwa nzima. Mama akasimama tu, akaangalia alama za masikioni: huyu wetu, huyu si wetu. Hakukosea hata mmoja.

Nilimkumbuka hivyo wodini Vwawa, muuguzi Lusungu aliponieleza ugonjwa. Alisema damu yetu ina askari, nao hutambua kwa alama kilicho cha mwili na kilicho kigeni. Surua ilipokushika utotoni, seli zilizoingiwa na virusi zilionyesha vipande vyake kwa nje, askari wakaziua. Wengine wakatengeneza kingamwili, vitu vidogo sana ambavyo kila kimoja hushika adui wa aina moja tu, na kumbukumbu yake ikabaki. Ndiyo maana surua iliporudi ikalaza watoto wa jirani, wewe ulikuwa unacheza mpira.

Nikamuuliza mbona askari hao hawakuuona huu wa mama. Akasema saratani haitoki nje. Ni seli ya mwili wenyewe iliyoharibika. Nyingi askari huzitambua na kuziua, lakini nyingine huficha kilichobadilika, zikapita. Nikaelewa kwa namna yangu: ni ng'ombe wetu, sikio lina alama yetu, kumbe kichwa kimeshaharibika. Huyo hata mama angemfungulia zizi.

Ndiyo, kaka, nimeandika saratani. Mimi ndiye niliyewaambia kwamba hospitali haikuona ugonjwa. Haikuwa kweli. Mama alinionyesha uvimbe kwenye titi mwaka mzima kabla ya safari ya Vwawa, akaniapisha nisimwambie mtu. Nilipombembeleza twende akacheka, akasema daktari anayetaka kumwona kifua alete kwanza ng'ombe, maana baba yenu alileta thelathini. Nami nikacheka, nikanyamaza.

Badala yake nilimnunulia dawa mnadani, ule unga mweusi. Niliufunga kwenye kipande cha kanga nilichokikuta kwenye kamba ya nguo. Kanga ilikuwa ya mama mdogo Shani. Ulipoukuta chini ya kitanda cha mama baada ya mazishi, ukasema mke mdogo wa baba amemmaliza mke mkubwa, nilikuwa nimesimama karibu yako na sikufungua mdomo. Niliogopa mtaniuliza kwa nini nilificha ugonjwa wa mama mpaka ukamuua.

Sasa nasikia mnakuja na wajomba baada ya mavuno kumfukuza. Majirani hawachoti tena maji akiwa kisimani. Jana alirudi na ndoo tupu, akasema amesahau kuchota. Kaka, dawa ile ni yangu, na kimya kile ni changu. Wasomee wajomba barua hii kabla hamjapanda gari. Kama kuna wa kuondoka hapa nyumbani, ni mimi.

Wasalimie shemeji na watoto, na wote wanaotukumbuka huko. Mama mdogo hajui ninachoandika. Ameniona na kalamu, akasema nikuulize kama huko mjini mnapata mtindi mzuri, au akugandishie.

Ni mimi dada yako,
Miriamu