Damu ya Mama Ilipanda Ndege

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku tunapumua tu. Paa la jikoni bado linavuja, na yule kuku wako mkorofi ameangua vifaranga chini ya kitanda cha baba. Baba hataki watolewe. Anasema bora nyumba iwe na kelele.

Dawa ya wale watafiti wa ng'ambo imefaa kweli. Watoto wa huku msituni hawatetemeki tena kwa homa kama tulivyotetemeka sisi. Hata mwanangu amepona.

Uliuliza mbona mama hakuletwa huko mjini hospitali. Ndege ilikuja, kaka. Ilikuja kuchukua damu za utafiti, na masanduku ya barafu yakajaa mpaka kwenye viti. Rubani akasema damu ikichelewa itaharibika. Nikamwambia hata mama anaharibika. Akatazama chini, akafunga mlango. Humo ndani ilikuwemo na damu ya mama, aliyoitoa asubuhi ileile akiwa hoi, akisema itawafaa wajukuu.

Jana daktari wa wale watafiti alikuja kutushukuru. Mkalimani wao ni mimi, kwa hiyo ni mimi niliyemweleza baba kwamba damu ya mama imehifadhiwa vizuri ng'ambo, kwenye barafu, na itakaa miaka mingi. Baba akasema, "Muulize wataileta lini, tuizike pamoja naye."

Daktari akanigeukia, anasubiri nitafsiri.

Nikamwambia, "Mzee anasema asante."

Ni mimi, mdogo wako.