Waya wa Arthi

Jumapili, 2 Septemba 1979

Nimepiga pasi, nimemwogesha Wakesho, nimekaa chini ya simu ya ukutani kama kila Jumapili. Ni simu ya marehemu baba mkwe, ya enzi za duka lake. Baba Wakesho amepiga kutoka Kisumu, reli ilikompeleka. Jumapili ya sita sasa ni mmmmmm tu, kama mashine ya posho, na Wakesho namwekea sikioni hivyo hivyo. Nimepiga kelele mpaka koo linauma. Alipoondoka Wakesho alikuwa tumboni, na likizo inasogezwa kila mara. Sauti tu ndiyo baba aliye naye mtoto huyu. Sasa hata hiyo imemezwa.

Wifi Mghoi, dada ya mume wangu, tunakaa naye boma moja. Amepita dirishani. "Wifi, mmefuga nyuki kwa simu? Asali mtatugawia lini?"

Nimecheka. Kwa meno tu.

Jumatano, 5 Septemba

Nimepiga posta kulalamika. Mvumo ule ule. Nimenasa maneno matatu tu: mwagia arthi maji. Arthi si ndiyo ardhi? Nimemwagia uwanja wote, kuanzia mlangoni hadi kwa nguzo. Maji niliyopangia foleni bombani tangu alfajiri.

Wifi amecheka mpaka akashika kiuno. "Unapanda simu, wifi? Ikiota nikatie jani."

Bado inavuma. Nimelilia jikoni, nisingizie moshi.

Ijumaa, 7 Septemba

Nimemuuliza fundi wa redio pale sokoni. Kumbe arthi si uwanja! Ni fimbo ya chuma iliyozikwa nje ya ukuta, imefungwa waya wa shaba unaotoka kwa simu. Bila huo, au udongo ukikauka sana, mvumo wa stima unaingia kwa simu.

Nimezunguka nyuma ya nyumba. Chuma kipo. Waya hakuna. Umekatwa kwa koleo, kipande kilichobaki ukutani bado kinang'aa.

Nimeinua macho. Kamba ya wifi ya kuanikia nguo. Inang'aa vivyo hivyo.

Siku zote hizo za asali, alikuwa ameanika sauti ya mume wangu pamoja na soksi.

Simwambii kitu. Namchukia. Nangoja.

Jumamosi, 8 Septemba

Jumamosi anafua sare za kwaya. Nyeupe, za kwaya nzima. Nimengoja kamba ijae. Nimekata upande wa huku, nikaenda nikakata upande wa kule. Zote chini, kwenye udongo mwekundu, bado mbichi.

Ametoka mbio na povu mikononi. "Wewe! Una wazimu?"

"Nachukua waya wangu, wifi."

"Kawaya tu! Si kalikuwa kananing'inia bure?"

"Kalikuwa kameshika ndugu yako."

Ameinama kuokota sare. Vizuri. Kesho kwaya itaimba na rangi nyekundu ya barabara ya Maungu. Sijuti. Nina furaha.

Nimefunga waya mahali pake, nimemwagia chuma maji. Nimeinua simu. Mlio safi. Hakuna nyuki.

Jumapili, 9 Septemba

Sikuenda kanisani. Amepiga. Nimemsikia hata akimeza mate.

Nimemwekea Wakesho sikioni. "Wakesho, mwanangu." Mtoto ameshtuka, amelia, ameisukuma simu. Kisha ameinyooshea kidole. "Mmmm," anasema. Anadai mmmm yake. Huyo ndiye baba anayemjua.

Nimemwambia mume wangu mtoto anataka mvumo wake. Nikamfikiria wifi, nikaona zile sare zilikuwa chache.

Halafu, taratibu, kutoka Kisumu: mmmmm.

Wakesho amenyamaza. Amerudi, amelaza shavu kwenye simu. Hatukuzungumza la zaidi. Amevuma mpaka mtoto akasinzia mikononi mwangu.