Nusu ya Mkate Kabatini

Iași, 16 Aprili 1974

Kaka Lupu,

Habari za Constanța? Mkeo Viorica hajambo? Sisi wazima, ila magoti ya Baba. Ulimi wake ndio hauumwi kamwe.

Kiti chako kilikaa kitupu tena usiku wa Pasaka, mwaka wa sita sasa tangu wewe Myahudi uoe Mkristo na Baba akukalie matanga ungali hai. Lakini sikia maajabu. Alipouvunja ule mkate usiotiwa chachu, nusu moja aliifunga kwenye kitambaa akaiweka kabatini. Akasema, "Aliyekuwa mbali ana Pasaka ya Pili, mwezi mmoja baada ya hii. Akija kuila siku hiyo, nitaketi naye." Baba huyu huyu! Nusura niangushe bakuli la mchuzi.

Ni tarehe sita Mei. Njoo, kaka. Neno hilo hatalisema tena.

Dada yako,
Beila

Constanța, 25 Aprili

Dada Beila,

Salamu nyingi. Hatujambo. Viorica kaisoma barua yako kabla yangu, na shati keshalipiga pasi. Nilimwambia siendi kumbembeleza mtu aliyenililia kama maiti. Akanijibu, "Acha kiburi, mwanaume. Mkate unakungoja." Basi, tarehe sita nipo hapo. Naogopa kama mtoto, usimwambie Baba.

Kaka yako,
Lupu

Iași, 7 Mei

Lupu,

Leo sina salamu. Ulikuwa wapi? Tangu Jumapili jua lilipozama, siku ilipoingia, Baba alivaa koti la sikukuu. Jumatatu kutwa yuko mezani, anainuka kila akisikia mtu kwenye ngazi. Jua lilipozama tena, akafungua kitambaa akaila ile nusu peke yake, makombo na yote. "Kakataa mara mbili," akasema. Nilirudi kwangu nalia njia nzima. Umetufanyia nini?

Beila

Constanța, 13 Mei

Beila,

Nilikuja! Treni ilifika Jumatatu jioni, taa za mitaani zimeshawaka. Tarehe sita ni tarehe sita, ndivyo nilivyojiambia. Miaka sita naishi na watu ambao siku yao huisha usiku wa manane; nilisahau kabisa kwamba yetu huondoka na jua.

Nilibisha hodi. "Nani?" "Lupu, Baba." "Lupu nilishamlilia. Na Pasaka imekwisha." Nikamwambia, "Basi nipe hata chai." Akaongeza sauti ya redio. Nilikaa kwenye ngazi, jirani akanipita kana kwamba mimi ni mlevi.

Ungeniandikia tu, "kabla ya jua kuzama". Maneno machache, Beila!

Lupu

Iași, 28 Mei

Kaka yangu,

U hali gani? Mimi sili vizuri. Kweli sikukuandikia, sikudhani mtu wa nyumbani kwetu anaweza kusahau.

Nilikwenda kwa rabi. Akaniambia siku hizi watu huula mkate huo mchana, lakini wazee wa kale walichinja mwanakondoo alasiri, wakamla na mkate usiku uliofuata. Usiku ule ule ulipobisha hodi, Lupu. Hukuchelewa!

Nikakimbia kwa Baba, pumzi zimenikatika, nikamweleza yote. Hata hakuinua macho. "Sheria hiyo naijua tangu utotoni," akasema, akaendelea kukoroga chai yake.

Mwakani nakuja kula Pasaka kwenu. Mwambie Viorica asafishe nyumba barabara, kombo moja la mkate wa chachu nitaliona. Baba na auvunje mkate wake. Wa kuwekewa nusu hatakuwapo.

Dada yako,
Beila