Spika Mbili za Benedict

Jumatatu, 12 Mei 2025

Darasa limeanza. Wanafunzi sita, chumba cha juu Gerezani, feni moja, nayo inazunguka kwa kusuasua. Wote mafundi simu, wote wanaiogopa oskiloskopu, mashine inayoonyesha umeme kama mstari kwenye kioo. Nice, mama wa watoto wawili mwenye meza yake Mtaa wa Aggrey, akauliza kama si ile mashine ya moyo ya hospitali. Nikacheka. Nikamwambia mwenzake, Kasmir, aguse ncha ya waya wa kupimia kwa kidole. Mstari ulionyooka ukageuka mawimbi. Akaruka! Nikawaeleza: ni umeme wa nyumba, umeenea kote, mwili unaunasa, ila jicho halijawahi kuuona. Wote wakasogelea kioo. Napenda wakisogea vile.

Jumatano, 14 Mei

Siku mbaya. Leo saketi ya mlio: spika ndogo, nobu moja. Ukizungusha, mlio unapanda, mawimbi yanabanana kwenye kioo. Kufika nusu, spika ikafa. Nikaweka nyingine — ikafa palepale! Na mawimbi yapo. Nice ndiye aliyechomea waya. Nikamkaripia mbele ya wenzake: kazi gani hii ya kulipua? Akaanza, lakini mwalimu... Nikamkatisha. Wakatazamana.

Basi spika feki. Kesho Benedict aliyeniuzia atanitambua!

Alhamisi, 15 Mei

Nimekwenda Kariakoo nimevimba. Benedict, Mchaga wa Marangu, ananiuzia vipuri miaka yote. Nikamwagia spika zake kwenye kaunta, na saketi yangu kando: umeniuzia mizoga! Hakubishana. Akaiunga moja kwenye saketi yangu, akazungusha nobu. Dada wa dukani akaziba masikio. Mteja mlangoni akafoka, zima hiyo! Benedict akauliza, Mzee Mbaruku, unataka ilie vipi tena?

Mimi nilikuwa nasikia mikokoteni ya barabarani tu.

Nikasema nilikuwa namtania. Nikacheka — yarabi, nikacheka! Nimerudi kwa miguu. Miaka thelathini na moja nafunga muziki wa harusi kwa masikio haya. Sauti ikikwaruza, mimi ndiye huitwa. Na Jumamosi Ismail ananitaka ukumbini kwake nimfungie mitambo mipya, jioni yake harusi. Wanafunzi wote nimeshawatambia. Naogopa. Hata Sitara, mke wangu, sijamwambia.

Ijumaa, 16 Mei

Nimemwomba Nice radhi mbele ya wote. Sababu sikuitaja. Akasema yameisha, mwalimu.

Ningeishia hapo! Nikajitia ujanja. Nikasema: kila mtu anyooshe mkono, mlio ukimpotea aushushe. Na mimi nikanyoosha. Nice akawa anazungusha nobu. Mimi macho kwenye kioo — mawimbi yapo, mkono juu. Rahisi! Yakabanana zaidi, bado yapo, mkono juu. Nikageuka kuwaangalia. Mikono yao yote chini. Waya wa spika umechomoka, unaning'inia pembeni ya meza.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Wengine wameondoka. Nice amebaki, anakunja waya, taratibu mno. Naandika ili nisimtazame. Ameuliza kesho kwa Ismail naenda na nani. Nimejifanya sikusikia.

Ameuliza tena, safari hii kwa sauti kubwa.